Kupima dawa mpya ya presha kwa panya wa maabara: mwongozo kamili kwa mtafiti aliye Uganda

Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Uganda mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Ndiyo maana mada ya presha inapendwa na wanafunzi wa famakolojia, kuanzia Makerere hadi Mbarara na Ishaka, wakiwamo wenzetu waliotoka Tanzania, Kenya na Kongo. Mmoja ana mmea alioelekezwa na mganga, mwingine ana kemikali iliyotengenezwa maabara. Wote wanataka kujua jambo moja: inashusha presha au haishushi?

Jibu linategemea mambo mawili ambayo wengi huyapitia haraka haraka: umempaje panya presha, na umeipimaje. Panya aliyeogopa ana presha ya juu hata kama mishipa yake ni mizima, na dawa yoyote inayomtuliza itaonekana kana kwamba inatibu presha. Kwa hiyo utaona nimekaa sana kwenye hatua za mwanzo. Dozi yenyewe ni kazi ya dakika mbili asubuhi.

Hatua ya 1: Andika swali kabla ya kutafuta panya

Amua kama unapima kinga au tiba. Ukimpa panya dawa yako siku ileile unayoanza kumpandisha presha, unapima kama dawa inazuia presha isipande. Ukisubiri presha ipande kwanza, ikae, ndipo uanze dawa, unapima tiba. Haya ni majaribio mawili tofauti. Nimesoma tasnifu nyingi ambazo kichwa kinasema "kutibu" huku mbinu ikieleza kinga, na mtahini yeyote mwenye macho huanzia hapo. Mgonjwa anayekuja kliniki presha yake imeshapanda, kwa hiyo kama huna sababu maalumu, pima tiba.

Andika pia kipimo kikuu kimoja tu. Kwa mfano: mabadiliko ya presha ya juu (namba ya juu ya kipimo, yaani moyo unaposukuma damu), kwa milimita za zebaki, baada ya wiki nne za dawa. Mengine yote, yaani mapigo ya moyo, mkojo, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na uzito wa moyo, ni ya kusaidia kueleza. Ukiwa na vipimo vikuu kumi, kimoja kitatoka kizuri kwa bahati tu.

Hatua ya 2: Vibali

Anza na kamati ya maadili ya wanyama ya taasisi yako. Makerere ina yake katika chuo cha tiba ya mifugo, COVAB. Kama taasisi yako haina, omba kwa iliyo nayo. Baada ya hapo utafiti unasajiliwa kwenye Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST. Kama wewe si raia wa Uganda, usidhani kitambulisho cha chuo kinatosha, usajili huo unakuhusu pia.

Wenye mimea wana jambo la ziada. Kanuni za mwaka 2005 za kufikia rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zinakutaka upate idhini ya wanaomiliki rasilimali na maarifa hayo, na UNCST ndiyo inayoshughulikia kibali. Ukitaka kusafirisha sampuli nje ya nchi bila karatasi hizo utakwama. Pia peleka tawi lenye maua au matunda kwenye hebaria ya Makerere (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) lipewe namba. Mmea unaoitwa mululuza kwa Waganda huitwa omubirizi kwa Wanyankole, na kuna majina mengine ya kienyeji yanayobeba mimea miwili au mitatu kwa pamoja. Bila namba ya hebaria hakuna atakayeweza kurudia kazi yako.

Fomu ya kamati itakuuliza kuhusu zile kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine panapowezekana, punguza idadi, punguza mateso. Zijibu kwa uzito. Kamati nyingi hurudisha maombi kwa sababu mwombaji hakuandika ni lini atamwondoa mnyama kwenye jaribio kwa huruma. Andika wazi: akipoteza asilimia 20 ya uzito, akiacha kula na kunywa, akipooza upande mmoja (panya wa presha hupata kiharusi pia), au akihema kwa shida, anapumzishwa kwa dawa ya usingizi ya kupita kiasi siku hiyohiyo, bila kusubiri ratiba.

Hatua ya 3: Chagua namna ya kumpa panya presha

Hapa ndipo jaribio linapoamuliwa. Kila njia ya kupandisha presha inapita mlango wake mwilini, na dawa inayoziba mlango mmoja inaweza isifue dafu kwenye mwingine.

Panya maarufu duniani ni SHR, wanaozaliwa na presha. Okamoto na Aoki waliwazalisha Kyoto, Japani, mwaka 1963 kutokana na panya wa Wistar, wale weupe wa kawaida wa maabara. Presha yao huanza kupanda wakiwa na wiki chache tu, na wakiwa watu wazima presha ya juu hufika 180 hadi 200, wakati panya wa kawaida yuko karibu na 110 hadi 130. Ni wazuri sana, lakini kuwaleta Uganda kunahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo cha kuingiza wanyama hai, usafiri wa ndege, karantini, na panya wenzao wa WKY, ndugu zao wasio na presha, wa kulinganisha. Wengi wetu hatuna mfuko huo, kwa hiyo tunatumia Wistar wa kawaida na kuwapandisha presha wenyewe.

Njia rahisi kuliko zote ni L-NAME. Kemikali hii huzuia kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa ya damu. Dozi inayotumika sana ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mdomo, na ndani ya wiki nne presha huwa imepanda vya kutosha. Tatizo lake ni kwamba presha hii hushuka yenyewe ukiacha kuitoa. Mtu anasimamisha L-NAME, anaanza dawa yake, presha inashuka, anashangilia, kumbe hata panya waliopewa maji matupu wameshuka. Kwa jaribio la tiba, endelea na L-NAME hadi siku ya mwisho.

Fanya hesabu ya gharama mapema. Panya wa gramu 250 anahitaji miligramu 10 kwa siku. Ukiwa na panya 40 wa presha kwa siku 56 (wiki nne za kupandisha na nne za kutibu), hiyo ni gramu 22.4. Ongeza akiba, maana panya wanakua na unga humwagika. Kemikali hii inaagizwa kutoka nje na haiuzwi kwa bei ya dawa ya minyoo. Wapo wanaoichanganya kwenye maji ya kunywa ili kuepuka kazi ya kunywesha kila siku, lakini panya mmoja hunywa sana, mwingine kidogo, na chupa zinavuja. Mnyweshe kwa mrija, ujue amepata ngapi.

Njia ya pili ni DOCA, homoni inayoufanya mwili ushikilie chumvi, pamoja na chumvi yenyewe. Figo moja huondolewa kwa upasuaji, panya huchomwa DOCA chini ya ngozi mara mbili kwa wiki, na maji yake ya kunywa huwa na chumvi asilimia 1. Presha hupanda ndani ya wiki tatu hadi nne huku renini (kimeng'enya cha figo kinachoanzisha utengenezaji wa anjiotensini, homoni inayobana mishipa) ikiwa chini kabisa. Njia ya tatu ni ile iliyoanzia kwa Harry Goldblatt mwaka 1934, aliyebana ateri ya figo ya mbwa. Kwa panya tunaweka kibanio kidogo cha fedha chenye nafasi ya milimita 0.2 kwenye ateri ya figo moja na kuiacha ya pili. Hapo renini hupanda juu sana mwanzoni.

Ona tofauti. Kaptoprili, inayozuia kimeng'enya cha kutengeneza anjiotensini, hufanya kazi nzuri kwa panya wa Goldblatt, lakini kwa panya wa DOCA na chumvi haina nguvu ya maana. Mtafiti aliyeijaribu kwa DOCA pekee angeitupa. Kinyume chake, dawa ya kukojoza ingeng'ara.

Kwa maoni yangu, sisi huku tungepaswa kuzipa njia za chumvi uzito kuliko tunavyofanya. Wagonjwa wengi weusi wa presha wana renini ya chini. Jaribio la CREOLE lililochapishwa mwaka 2019, likiwa na wagonjwa 728 kutoka nchi sita za Afrika, Uganda ikiwamo, lilionyesha kwamba mchanganyiko wowote wenye amlodipini (dawa inayolegeza mishipa) ulishusha presha kuliko perindoprili (jamaa ya kaptoprili) na dawa ya kukojoza bila amlodipini. Kama dawa yako inalengwa kwa mgonjwa wa Masaka au Arua, panya wa L-NAME peke yake hakupi picha yake. Ukiweza, fanya jaribio kuu kwa njia moja, kisha dogo la kuthibitisha kwa nyingine.

Ukitumia chakula chenye chumvi nyingi bila DOCA, jua kwamba Wistar hupanda polepole na kidogo. Usitumie chumvi ya Katwe hata kama ni rahisi na iko jirani: maji ya ziwa lile yana salfeti na kaboneti, si chumvi safi. Nunua kloridi ya sodiamu ya maabara.

Hatua ya 4: Wanyama na nyumba yao

Chukua Wistar wa wiki 8 hadi 10, wa uzito unaokaribiana, kutoka chanzo kimoja. Waache wazoee nyumba kwa wiki moja angalau. Madume ndio waliozoeleka, kwa sababu majike hulindwa kiasi na homoni zao. Lakini wagonjwa ni wa jinsia zote, na ukiweza kuweka zote mbili, weka, kila kundi likiwa na idadi sawa.

Jambo moja tumejaliwa: tuko kwenye ikweta. Vitabu vya Ulaya vinaagiza taa za saa ili panya wapate saa 12 za mwanga na 12 za giza, wakati dirisha la Mbarara linakupa hizo bure mwaka mzima. Kazi yako ni kuhakikisha mlinzi hawashi taa usiku.

Matandiko yana mtego. Maganda ya kahawa ni rahisi kupatikana na wafugaji wa kuku huyatumia, lakini yana kafeini, na panya hutafuna anacholalia. Kwa jaribio la presha hilo halikubaliki. Tumia maranda ya mbao isiyopakwa dawa ya mchwa, yaliyokaushwa vizuri. Chakula nacho kinunue cha kutosha jaribio zima kutoka kinu kimoja na toleo moja, kwa sababu kiasi cha chumvi hubadilika kutoka toleo hadi toleo.

Hatua ya 5: Idadi na makundi

Tuseme unatarajia tofauti ya milimita 20 kati ya dawa na maji matupu, na mtawanyiko wa 12 ndani ya kundi. Kwa uwezo wa asilimia 80 (nafasi ya kuigundua tofauti hiyo kama ipo) na kiwango cha kosa cha asilimia 5, hesabu inakupa panya 7 kwa kundi. Weka 8, kwa kuwa mmoja anaweza kufa. Kutumia 5 kwa sababu "wengine wote wametumia 5" si hoja.

Makundi ninayopendekeza ni saba. Wazima wanaopewa kibebeo tu, wazima wanaopewa dozi ya juu ya dawa yako, wa presha wanaopewa kibebeo, wa presha wanaopewa dawa inayojulikana, na wa presha kwa dozi tatu za dawa yako. Kundi la pili husahaulika mara nyingi, nalo ndilo linalokuambia kama dawa itamwangusha hata mtu mwenye presha ya kawaida. Kibebeo ni kile ulichoyeyushia dawa. Kama ni asilimia 0.5 ya karboksimethaili selulosi, basi kila panya asiye na dawa anywe hiyohiyo, kwa ujazo uleule. Epuka pombe, kwani nayo ina athari zake kwa mishipa.

Wagawe panya kwa kura baada ya presha kupanda. Kuwachota kizimbani kwa mkono ni kujidanganya, kwa sababu wa kwanza kushikika ndio wapole au wagonjwa. Wapange kwanza kwa kiwango cha presha, kisha piga kura ndani ya kila ngazi, ili makundi yaanze sawa. Sharti la kuingia liandikwe kabla: kwa mfano, asiyefika 150 baada ya wiki nne za kupandishwa haingii. Chupa za dawa zipewe herufi na mtu mwingine. Anayepima presha asijue A ni nini hadi data ifungwe.

Hatua ya 6: Dozi

Kwanza usalama. Mwongozo wa kimataifa wa kupima sumu, OECD namba 423, hutumia panya watatu kwa kila hatua, kwa kawaida majike, ukianzia miligramu 300 kwa kilo kama hujui lolote, au 2,000 kama una sababu ya kuamini ni salama. Ile njia ya zamani ya kuua nusu ya wanyama, namba 401, ilifutwa mwaka 2002. Hakuna kamati inayopaswa kuikubali leo.

Kwa dawa inayojulikana, badilisha dozi ya binadamu kwenda kwa panya ukizingatia eneo la mwili: zidisha miligramu kwa kilo za binadamu kwa 6.2. Amlodipini miligramu 10 kwa mtu wa kilo 60 ni 0.17 kwa kilo, kwa panya inakuwa karibu miligramu 1 kwa kilo. Losatani 50 inakuwa kama 5 kwa kilo. Hizi ni sehemu za kuanzia. Panya husaga dawa nyingi haraka kuliko sisi, na ndiyo maana tafiti nyingi hupanda juu ya hapo. Jaribu kwa panya wachache kwanza.

Hesabu hiyo igeuze pia upande wa pili, na uifanye kabla hujajivuna. Tuseme dondoo la mmea wako linafanya kazi kwa miligramu 1,000 kwa kilo ya panya. Gawa kwa 6.2, unapata 161 kwa kilo ya binadamu. Mtu wa kilo 60 atahitaji karibu gramu 10 za dondoo kavu kila siku maisha yake yote. Nani ataimeza? Chagua dozi tatu zinazopanda mara mbili mbili, na kama ya juu inapita 400 au 500, fikiria kulisafisha dondoo kwanza.

Mnyweshe kwa sindano butu yenye kichwa cha mviringo, ujazo usizidi mililita 10 kwa kilo, saa ileile kila siku. Mpime uzito kila wiki na kurekebisha dozi. Mrija ukiingia kwenye bomba la hewa utamuua, kwa hiyo jifunze kwa fundi wa maabara mwenye mkono, ukianza na maji.

Hatua ya 7: Kupima presha

Kuna njia tatu. Kifaa kinachopandikizwa kwenye aota (mshipa mkuu utokao moyoni) na kutuma vipimo kwa redio, usiku na mchana, panya akiwa huru, ndicho bora kupita vyote na ndicho ghali kupita vyote. Mrija kwenye ateri ya shingo, panya akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, hutoa kipimo cha moja kwa moja lakini mara moja tu, mwishoni, na dawa ya usingizi yenyewe hushusha presha (ketamini na zailazini hasa, kwa sababu ya zailazini). Inayobaki ni mkanda wa mkiani, na hapo ndipo wengi wetu tulipo.

Mkanda huzungushwa kwenye shina la mkia, hujazwa hewa hadi damu isimame, kisha hewa hutolewa taratibu huku kihisi kilicho mbele yake kikisikiliza damu ikirudi. Shirika la Moyo la Marekani lilishauri mwaka 2005 kwamba njia hii inafaa kugundua tofauti kubwa za presha ya juu. Kwa presha ya chini (namba ya chini ya kipimo), au kwa tofauti ndogo, usiitegemee. Fuata ushauri huo. Usiandike kwamba dawa imeshusha milimita 4 kwa mkanda wa mkiani.

Mafunzo kwanza. Kwa siku tano hadi saba mfululizo, kabla ya kipimo chochote cha kuhesabiwa, mwingize panya kwenye kibano (kifungio chembamba cha kumzuia asitikisike), mpashe joto, jaza mkanda, mtoe. Siku ya kwanza atajisaidia, atalia na kujipindua. Presha utakayosoma hapo ni sawa na ya mgonjwa aliyepimwa papo hapo baada ya kupanda ghorofa nne mbio. Siku ya sita ataingia mwenyewe. Asiyetulia baada ya wiki moja aondolewe, kwa sharti uliloandika mapema. Mtu huyohuyo awashike, wakati uleule, bila manukato na bila redio.

Joto ndilo linaloharibu data huku kwetu. Mkia wa panya ukipoa mishipa yake hujifunga na kihisi hakisikii kitu. Asubuhi za Bushenyi na Mbarara ni za baridi, na watu hulaumu mashine. Pasha chumba kwanza, kisha mkia ufike nyuzi 32 hadi 35, polepole, kwa bamba la joto. Taa kali ya joto humchoma panya na kumpandisha presha kwa mateso. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, kundi hilo lirudiwe lote kesho yake. Ukiweza kupata betri ya akiba, ni pesa iliyotumika vizuri kuliko hata kemikali ya ziada. Na siku moja usipime makundi mazima kwa zamu, yaani A asubuhi na B alasiri. Changanya, ili joto la mchana lisigeuke kuwa athari ya dawa.

Chukua vipimo kama kumi kwa panya mmoja, tupa vya mwanzo vya kuzoea, na wastani utokane na visivyopungua vitano vilivyo safi. Asikae kwenye kibano zaidi ya dakika 15 hadi 20. Vigezo vya kutupa kipimo (alitikisika, mchoro haueleweki) viwe kwenye daftari kabla hujaanza, na anayetupa awe hajui kundi.

Swali ambalo halijibiwi kwenye tasnifu nyingi: ulipima saa ngapi baada ya dozi? Dawa inaweza kushusha presha kwa saa tatu tu kisha ikaisha. Pima siku moja saa 2 hadi 4 baada ya dozi, na siku nyingine saa 24 baadaye, kabla ya dozi mpya. Ukikuta tofauti kubwa, mgonjwa atahitaji kumeza mara mbili au tatu kwa siku, na hiyo ni habari muhimu sawa na milimita zenyewe.

Hatua ya 8: Hakikisha ni presha iliyoshuka, si panya aliyelala

Mashine nyingi za mkiani husoma mapigo ya moyo pia. Panya mtulivu ana mapigo 300 hadi 400 kwa dakika. Kama presha imeshuka na mapigo nayo yameporomoka, na panya anasinzia, una mashaka mawili: dawa ya usingizi au sumu ya moyo. Mweke kwenye uwanja wazi (sanduku lisilo na kifuniko, lenye sakafu iliyochorwa mistari) kwa dakika tano na hesabu mistari anayovuka, ukimlinganisha na wa kibebeo. Jaribio hilo halina gharama na limewaokoa wengi na aibu.

Wenye dondoo ghafi wana mtego mwingine. Mimea ina potasiamu na kolini nyingi, na ukiyachoma kwenye mshipa wa panya aliyelazwa, presha itaanguka papo hapo. Kushuka huko hakuna uhusiano na tiba. Pima potasiamu ya dondoo lako, na usijenge hoja yote juu ya sindano ya mshipa.

Hatua ya 9: Siku ya mwisho

Kusanya mkojo wa saa 24 kwenye kizimba cha mkojo siku mbili kabla. Ukishapima presha ya mwisho, mlaze kwa dozi ya usingizi, chukua damu ya moyo kwa kreatinini, urea, sodiamu, potasiamu na vimeng'enya vya ini, kisha toa moyo, figo na aota. Uzito wa ventrikali ya kushoto ugawe kwa urefu wa mfupa wa goko. Wengi hugawa kwa uzito wa mwili, lakini kama dawa imemkondesha panya, moyo utaonekana mkubwa bila kosa lake. Mizoga na matandiko ya siku hiyo iende kwenye tanuri la kuteketezea.

Kama maabara yako ina bafu la viungo (chombo cha kuweka vipande vya viungo vya mwili vikiwa bado hai), pete za aota zinaweza kukuambia dawa inapita wapi. Zining'inize kwenye maji ya Krebs (yenye chumvi kama za damu), nyuzi 37, zikipuliziwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksaidi 5, uzikaze kwa fenilefrini, dawa inayobana mishipa, kisha ongeza dawa kidogo kidogo. Rudia ukiwa umekwangua utando wa ndani. Kama ulegevu umetoweka, dawa inahitaji nitriki oksaidi au jamaa zake, na hilo litakufanya uuangalie upya uamuzi wa kutumia L-NAME.

Hatua ya 10: Takwimu

Panya mmoja aliyepimwa mara nane ni panya mmoja, si wanane. Tumia uchanganuzi wa vipimo vya kujirudia, ukiweka presha ya kabla ya dawa kama kianzio, na ulinganishe kila dozi na kundi la presha lenye kibebeo. Usipige jaribio la t kila wiki na kuchagua wiki iliyopendeza. Onyesha nukta ya kila panya kwenye mchoro, na mtawanyiko halisi. Ripoti waliokufa na walioondolewa, pamoja na sababu. Orodha ya ARRIVE ya mwaka 2020, ya kuripoti tafiti za wanyama, ina mambo kumi ya lazima. Ijaze ukiwa bado unapanga, si siku ya kutuma makala.

Kama imefaulu

Usikimbilie chupa na lebo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio la OCTAVE kuhusu omapatrilati, dawa iliyoshusha presha vizuri mno kwa wanyama na kwa watu. Ilikwama kwa sababu ya uvimbe wa ghafla wa uso na koo, na wagonjwa weusi waliathirika zaidi. Jedwali la presha ya panya lisingeweza kuliona hilo.

Kinachofuata ni sumu ya dozi za kurudiwa kwa siku 28 na 90, vipimo vya moyo, mapafu na ubongo kwa mujibu wa mwongozo wa kimataifa wa usalama wa dawa, ICH S7A, na spishi ya pili isiyo panya. Kumpa binadamu yeyote, hata mjomba aliyejitolea kijijini, kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, pamoja na kamati ya maadili ya utafiti wa binadamu na UNCST. Kabla ya kugonga mlango huo, pata maabara nyingine irudie jaribio lako kwa chupa zilezile za herufi, na uwatumie dawa ya toleo lilelile ulilotumia wewe, pamoja na cheti cha uchambuzi wake.